Uchungu Mbele ya Mkwe

Emali, 9 Februari 2025

Kwa Mama,

Pokea salamu za binti yako Nthenya, za Rahab, na za Muthoki mdogo, ambaye tangu uondoke amejifunza kupiga chafya na kila mara anajishangaa.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hushiki. Nthenya akipiga unashika. Mimi nikipiga inalia mpaka inakatika. Nimemwomba Mulinge, yule anayenunua mbuzi huko kwenu Nuu na kuwaleta soko la Emali, akufikishie bahasha hii. Amekubali, ila anasema hataki kuwa karibu ukiisoma. Sijui ulimfanya nini.

Mama, acha niseme lililo moyoni. Ulikuja kumwona mjukuu aliyepewa jina lako. Tulikuandalia chumba, na wewe ukasema utalala kwa dada mmoja wa kanisa ng'ambo ya reli. Nilipoingia sebuleni ulitokea jikoni. Siku ya wageni mama yangu alipika maharagwe ya njahi, mimi nikachinja kondoo aliyenona, nawe ukala nje na watoto, umenipa mgongo. Halafu tumbo likakushika, majirani wakakuleta hospitalini, na ilikuwa zamu yangu kwenye kitengo cha dharura. Nilikuuliza ninavyomuuliza kila mtu: kutoka sifuri, yaani huumwi kabisa, hadi kumi, yaani uchungu usio na mwenzake, unaumwa kiasi gani? Ulivuta leso mpaka machoni ukaiambia sakafu, "Mbili." Nikaandika mbili. Nikakupa dawa ya asidi, nikasema pengine ni alsa, vidonda vya tumbo, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilipomaliza zamu, ulikuwa umeshapanda gari la Mwingi.

Basi nakuuliza wazi: ni kwa sababu mimi ni Mkikuyu? Nilisomea Murang'a, ni kweli, na Kikamba changu ni cha dukani kwa baba, cha kuuzia vipuri vya malori. Lakini binti yako nampenda kwa lugha zote ninazojua. Kama nilikosea siku ya mahari, niambie nitengeneze. Sitaki wasichana wangu wakue wakijua kwamba bibi yao, susu wao, humkimbia baba yao.

Mkweo,
Irungu


Nuu, 20 Februari 2025

Baba Rahab,

Barua nimepata. Mulinge aliiweka juu ya ukuta akarudi haraka kwa mbuzi wake. Mwaka jana nilimpeleka kwa chifu kwa kuwapunja wajane, na hajasahau. Mwambie mimi pia sijasahau.

Hilo swali lako la Ukikuyu nitalijibu siku nyingine, maana leo nitalijibu kwa hasira. Kwanza nikuulize mimi.

Siku ile kando yangu kwenye benchi alikaa utingo wa lori, mguu umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo. Alikuwa analia. Mmoja wenu akapita akamwambia, "Wewe si mwanamume? Unatisha watoto." Kijana wa watu akauma shati lake akanyamaza. Aliponyamaza mkamsahau. Baada yake akaja mwingine, kidole kimebanwa na mlango wa gari, akapiga kelele mpaka mabati yakatikisika. Huyo alidungwa sindano kabla hajakaa. Sasa niambie, baba Rahab, mnatibu uchungu hapo au mnatibu kelele? Kama ni kelele, wekeni kibao mlangoni ili watu waje wamejiandaa.

Nimefundisha darasa la nne mpaka nywele zikawa nyeupe. Sijawahi kumuuliza mtoto "Umeelewa?" nikaandika jibu lake nikaondoka. Mtoto anayejibu haraka "Ndiyo, mwalimu" ndiye ambaye hakuelewa hata neno. Unatazama daftari. Unatazama vidole vyake vinavyoshika penseli. Nyinyi mmesoma miaka mingi kuliko mimi, halafu mnauliza namba kama kondakta.

Mimi ilikuwa mbili tu, na imekwisha. Usijisumbue.

Ndengu alizobeba Mulinge ni za Nthenya, za shamba la juu. Mwambie mama yako asizimwagie mafuta. Siku hizi mafuta hayanipendi, na nadhani hayampendi mtu yeyote.

Muthoki wa Nzomo


Emali, 2 Machi 2025

Kwa Mama,

Yule utingo nilimtafuta katika rekodi zetu. Alihamishiwa hospitali kubwa na paja limevunjika, na kabla ya hapo hakuna mahali palipoandikwa kwamba alipewa dawa ya maumivu. Mfupa wa paja, mama. Ningeweza kukuambia kwamba tulikuwa wawili tu na watu wamejaa hadi mlangoni. Ni kweli, lakini yeye haikumsaidia.

Nilisoma barua yako kwenye mkutano wa asubuhi. Sikutaja jina, nilisema ni mwananchi. Wangechi, muuguzi wetu mkali, akasema huyo mwananchi aajiriwe.

Ila kondakta umenionea. Namba tunaiuliza kwa sababu uchungu ni wa mwenyewe. Hakuna mashine ya kuupima. Mtu akisema nane, kazi yangu ni kumwamini, si kumkagua. Taabu iko kwa wanaosema kidogo. Hapo inabidi nitazame, kama unavyotazama vidole vya penseli. Mwenye jiwe ndani hatulii, anainuka, anakaa, anatafuta ukuta. Ambaye tumbo limewaka lote analala kimya kama gogo, anaogopa hata kukohoa. Mtoto anayeumwa sana mara nyingine halii, anaacha tu kucheza. Halafu ukishampa mtu dawa, unarudi kumuuliza tena. Wengi wetu tunasahau kurudi. Mimi sikurudi kwako.

Sasa nina maswali mawili. Mafuta hayakupendi namna gani? Na Mulinge anasema alikukuta Jumatatu umeegemea ukuta wa posho mill, pale mnaposagia unga, jasho linakutoka na jua halijawaka. Alipouliza, ulimwambia unasikiliza kama mashine ina hitilafu.

Ilikuwa na hitilafu?

Irungu


Nuu, 16 Machi 2025

Baba Rahab,

Mulinge ni mmbea, na mashine ilikuwa na hitilafu.

Sasa hasira zimepoa, nikujibu lile la kwanza. Kwetu kuna kitu tunakiita nthoni. Wanaokitafsiri kuwa aibu hawakijui. Mama mkwe na mkwe hawatazamani machoni, hawali sahani moja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Simu nayo ni mbaya kuliko sebule, maana inakuleta ukazungumza ndani ya sikio langu. Ningekuwa nakudharau ningeingia kwako nikapandisha miguu kwenye kiti nikaomba chai ya pili. Nilikukimbia kwa heshima zote nilizo nazo. Nilidhani Nthenya amekufunza. Yeye naye, nadhani, alidhani bibi zako walikufunza, maana Wakikuyu wa zamani walikuwa nayo pia kabla hamjazoeana na kila mtu.

Unajua mimi si mtu wa kuabudu desturi. Nilisimama mbele ya wazee hapa Nuu nikapinga wasichana kukatwa, wakaniita mwanamke mwenye ndevu, na ndevu hizo nilizivaa mpaka wakashindwa. Nimepinga wajane kunyang'anywa mashamba. Nimempinga mchungaji wetu aliyesema kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, na mke wake alikuwa anameza za presha jikoni. Lakini hii nthoni nimeitafutia hoja ya kuiua na sijaipata. Desturi nyingine zilimnyang'anya mtu kitu. Hii inasema tu kwamba yule aliyemchukua binti yangu ni mtu mzito, hatutazoeana ovyo.

Basi siku ile hukuniuliza kama tabibu. Uliniuliza kama baba wa wajukuu wangu, umesimama na mimi nimelala, nguo imepanda magotini, mbele ya benchi zima. Ungeniuliza mara ya mwisho nimeoga lini ingekuwa afadhali. Nikatoa namba ndogo zaidi ambayo ingekufanya uondoke. Sifuri usingeamini.

Ile namba haikuwa

Naendelea. Nimeweka kalamu kidogo, kulikuwa na kazi shambani. Kazi imekwisha. Wasalimie watoto, na mwambie Nthenya mama yake ni mzima.

Muthoki wa Nzomo


Emali, 24 Machi 2025

Kwa Mama,

Nthenya alipoulizwa kuhusu nthoni alicheka mpaka mtoto akaamka. "Nilidhani unajua. Nilikuwa najisifu kwa mama kwamba una adabu, hata humfuati jikoni." Miaka yote hii mimi nilikuwa nanuna, naye anahesabu ni adabu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimefurahi kukimbiwa.

Lakini furaha hiyo ni nusu. Nusu ya kwanza ya barua yako ina mwandiko wa ubaoni, ungeweza kuning'inizwa darasani. Kisha kuna sentensi umeiacha katikati, na baada yake herufi zinapanda mlima na kalamu imetoboa karatasi. Hiyo si kazi ya shambani, mama. Ulikuwa unaumwa ukiniandikia kwamba u mzima.

Nitasema ninachofikiri, na kama nimekosea utanicheka. Maumivu yako yanakaa chini ya mbavu za kulia. Yanaanza baada ya kula kitu cha mafuta, yanazunguka mgongoni au begani, yanakusimamisha na kukutembeza, pengine unatapika, kisha yanaondoka yenyewe na unajiambia yamekwisha. Haikuwa alsa. Nadhani ni vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Yule kondoo wangu wa sherehe ndiye aliyevichokoza.

Vijiwe vinavyouma na kuacha vinaweza kungoja kidogo. Lakini siku maumivu yatakapokuja yakakataa kuondoka, ukapata homa, au macho yakageuka manjano, hiyo si siku ya kungoja. Kifuko kinaweza kuoza ndani na kuua mtu. Ukifika hospitalini siku hiyo ukasema mbili, watakuweka mwisho wa foleni, na mimi sitakuwapo kukukanusha.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Usiniambie mimi, iambie karatasi. Karatasi haina macho. Ile sentensi uliyoiacha, imalizie.

Irungu


Nuu, 5 Aprili 2025

Baba Rahab,

Ile namba haikuwa mbili. Ilikuwa nane. Siku ya posho mill ilikuwa nane. Siku niliyokuwa nakuandikia ilikuwa nane na zaidi kidogo. Yanakaa pale ulipoandika, na yanazunguka vile ulivyoandika, na nimekasirika kwamba umejua ukiwa Emali, na yule tabibu niliyemwona hapa kwa macho aliniuzia tena dawa ya alsa.

Sasa usikimbilie kudhani ni nthoni peke yake. Nthoni ni kwako. Lakini hata yule wa hapa, asiye mkwe wangu, sikumwambia. Nikueleze kwa nini, halafu tusirudi hapo.

Mume wangu Nzomo alikuwa anachimba kisima cha jirani, ukuta ukamwangukia, nyonga zikavunjika. Tulimfikisha hospitali moja, nisiitaje, waliokuwapo wengine ni marehemu. Nzomo alikuwa mtu wa kunyamaza, hata jembe lilipomkata mguu alisema tu "lo." Siku hiyo alilia. Aliita kila aliyevaa nguo nyeupe. Kila mmoja akasema ngoja daktari, daktari hajamwona, akipewa dawa sasa daktari hatajua panapouma. Baba Rahab, mtu amevunjika katikati kama muwa, nani hajui panapouma? Jua lilipoanza kushuka aliacha kuita. Nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Afadhali ametulia." Hakuwa ametulia. Alikuwa anakwenda.

Nilijifunza hapo kwamba kusema uchungu mbele ya mtu asiyefanya lolote ni kuvuliwa nguo sokoni. Ukinyamaza, angalau unabaki na nguo zako. Najua ni hoja mbovu. Nimebishana nayo mwenyewe nikiwa peke yangu na kila mara inanishinda.

Kwa hiyo umepata namba yako. Itunze. Na usimwambie Nthenya. Mama anayenyonyesha akipata habari mbaya maziwa hukauka.

Muthoki wa Nzomo


Emali, 12 Aprili 2025

Mwaitu, mama yangu,

Baba Rahab ameniambia. Usimlaumu, nilimkuta amesimama jikoni na barua yako, uji umemwagika umezima jiko, naye hajaona.

Maziwa hayajakauka. Muthoki ananyonya kama anayedai. Kila kitu kikimuuma anapiga yowe mpaka wauza nyanya wa barabarani wanauliza kuna nini, na hakuna aliyemdharau bado. Kwa jina hilo nilitegemea hivyo. Sikujua lina upande mwingine.

Ulinifundisha kumwambia mwalimu, chifu, mchungaji na askari wa barabarani ukweli usoni. Tumbo lako mwenyewe ndilo umelifanyia siasa. Nimekasirika, mwaitu, na nitakasirikia mbele yako ukija.

Najua hutalala kwangu. Nimeongea na mama mdogo Mwongeli, atakupokea kwake Matiliku. Tutakupeleka kupigwa picha ya tumbo kutoka hapo. Mulinge amesema atakuleta kiti cha mbele, na hataongea njia nzima.

Binti yako,
Nthenya


Matiliku, 26 Aprili 2025

Baba Rahab,

Nimefika kwa dada yangu Mwongeli. Mulinge aliongea njia nzima.

Picha nimepigwa jana. Aliyepiga alikuwa msichana mpole, akanionyesha vijiwe vyangu kwenye kioo, vimejipanga kama ndengu kwenye ganda. Ulikuwa sahihi na sitalirudia neno hilo. Daktari wa upasuaji amenipa tarehe ya mwezi ujao. Nitakula muthokoi mkavu, mahindi tu bila mafuta, na kungoja.

Sharti langu ni moja. Siku nitakayokuja hospitalini kwenu, usiwe wewe utakayesimama juu yangu.

Muthoki wa Nzomo


Emali, 30 Aprili 2025

Kwa Mama,

Tuko chini ya paa moja nami nakuandikia barua. Wangechi, atakayekuletea hapo wodini, ananicheka. Anasema amebeba dawa, damu na choo katika kazi hii, lakini barua za mkwe ndiyo mara ya kwanza.

Sharti lako nililishika kadiri nilivyoweza. Mama mdogo Mwongeli alipopiga simu kutoka Matiliku, kwamba maumivu yamekuja asubuhi na hayaondoki, na kwamba mwili wako una moto, nilitafuta mwenzangu wa kukupokea. Hakukuwa na mtu. Mwenzangu alikuwa ameingia na mama anayejifungua. Nilibaki mimi.

Ulipoingizwa nilikuona kwa mbali tu, nikageuka. Lakini niliona ulivyolala, magoti yamekunjwa, husogei, unapumua kwa juu juu kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Nilijua kabla ya kuuliza. Nikamwambia Wangechi afunge pazia, akuwekee dripu, akubonyeze tumbo na kuniambia. Mimi nikasimama upande wa nje na mgongo wangu kwenu. Nikasema, "Mama, ni Irungu. Sikuoni. Nipe namba."

Nilisikia pumzi yako. Nilidhani utasema mbili, na nilikuwa nimeamua kwamba ukisema mbili nitakupa dawa hivyo hivyo, na kwamba jambo hilo litaniuma maisha yangu yote.

Ukasema, "Tisa."

Sikukuambia yaliyofuata, na ni haki yako kuyajua. Mofini ilikuwa kabatini. Nilimpigia Daktari Gichuru wa upasuaji kumweleza, naye akasema, "Usimpe chochote kizito mpaka nimwone, utanifichia tumbo." Yeye ni mtu mzuri. Alifundishwa hivyo, na waliomfundisha walifundishwa hivyo. Nilimjibu, "Daktari, watafiti wamelipima hilo miaka mingi, dawa ya maumivu haifichi ugonjwa. Picha yake tunayo. Ninampa sasa, na nitaandika jina langu." Akasema nitaandika maelezo pia. Nikasema nitaandika.

Sikuwa jasiri, mama. Nilikuwa namsikia baba Nzomo.

Wangechi akakupa kidogo kidogo mshipani, mimi nikawa nauliza kutoka nje. Ukasema saba. Akaongeza. Ukasema tano. Tukangoja, nikauliza tena, ukasema, "Tatu, na ukiniuliza tena nitakupa ya kumi na moja." Hapo Wangechi alicheka akasema sasa mgonjwa amefika.

Gichuru alipokuja ulikuwa umeweza kulala chali na kunyoosha miguu. Alibonyeza palepale chini ya mbavu, ukashtuka palepale, hakuna kilichofichika. Alipotoka nje ya pazia alisema, "Alikuwa ametulia vizuri. Nimempima vizuri." Maelezo hakuyadai.

Sasa uko kwenye dawa za kuua maambukizi, na homa ikishuka atakutoa hicho kifuko. Wangechi atakuuliza namba kila akipita. Tafadhali mpe ya kweli hata kama mimi nitasikia.

Irungu


Wodini, 6 Mei 2025

Baba Rahab,

Wamenikata juzi. Vijiwe wamenipa kwenye kichupa. Rahab ameomba kimoja cha kuchezea bano kama gololi, nimemnyima, mpaka avifanyie kazi kama mimi. Leo kidonda ni nne nikikohoa na mbili nikilala, na hii mbili ni ya halali.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unaniuliza bila kuuliza kwa nini nilisema tisa. Si uchungu ulionishinda, maana nilikuwa nimeshaamua njiani kwamba nitakufa na adabu zangu. Ulisema "Sikuoni." Hujui neno hilo lilifanya nini. Watu wote waliowahi kuniuliza nina nini walikuwa wamenitolea macho na mikono imekunjwa. Wewe uliniachia nguo zangu kwanza, ndipo ukaniuliza.

Na uliamini. Nilitoa namba, na kitu kikatokea. Nilingoja kuambiwa ngoja. Dawa ilipoanza kushika, sikumfikiria Mungu wala watoto wangu. Nilimfikiria Nzomo, nikalia, na muuguzi wako akaongeza dawa akidhani ni tumbo. Sikumkatalia.

Huyo Gichuru alipita jana na wanafunzi. Nilimwambia mbele yao kwamba waliomfundisha walikuwa wajinga, lakini yeye bado ana muda. Alisema, "Ndiyo, mwalimu." Nikamwambia huwa nawachunguza sana watu wanaonijibu hivyo. Alicheka, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kidonda, kwa hiyo nimemsamehe nusu.

Kuna jambo moja sikukuandikia, kwa ujanja. Nthoni ina namna ya kulegezwa. Mkwe huleta blanketi, akamfunika nalo mama mkwe, na wazee wakala mbuzi, basi watu wakaweza kusalimiana kama watu. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia, ungelileta siku iliyofuata, nami sikuwa tayari. Sasa Wangechi ameniambia kwamba blanketi nililoamka nalo, hili lenye mistari, si la hospitali. Ulilitoa kwenye chumba chenu cha zamu, ni lako, ukalipitisha chini ya pazia. Wazee wa Nuu watasema haihesabiki, kwamba hukujua unachofanya. Waje wabishane na mimi. Mbuzi tutampata kwa Mulinge, kwa bei ninayoijua mimi.

Lakini nimekuandikia kwa jambo lingine, na ni la haraka, kwa hiyo Wangechi nimemwambia akimbie.

Kitanda cha kando yangu kuna mwanamke wa kutoka upande wa Loitokitok, wanamwita Mama Musyimi. Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda, mkono umefungwa, anangoja upasuaji. Kila anayepita anamuuliza, naye anasema, "Bwana asifiwe, ni kidogo tu." Wanaandika kidogo. Nimemtazama tangu asubuhi. Biblia iko mapajani na hajageuza ukurasa. Vidole vya miguu vimejikunja kama vya ndege. Chai imepoa, hakuigusa. Sasa hivi vidole vya mkono ule uliofungwa vimevimba na vinang'aa, na nikimgusa kidogo anavuta pumzi kwa meno. Nimemnong'oneza, akaniambia ukweli: muuguzi wa zamu hii ni mke wa mchungaji wake, na Jumapili iliyopita, kabla hajalazwa, Mama Musyimi mwenyewe alisimama madhabahuni akashuhudia kwamba Bwana amemwondolea maumivu yote. Ataanzaje sasa kusema yamerudi?

Wewe huna kanisa lake. Njoo umuulize, na ukimuuliza umtazame huo mkono. Usitume mtu.

Najua unaogopa kuingia humu kwa ajili yangu. Ingia tu. Nitakusalimia nikikutazama. Na kama nitashindwa, pita uende kwake, leo mgonjwa si mimi.

Mama yako,
Muthoki